Jeshi lililo ndani ya mbolea: namna ya kupunguza nzi kwenye banda la kuku kwa kutumia wadudu wenzao

Kabla ya masika ya 2018 nilikuwa na kuku 400 wa mayai kwenye keji hapa Kibaha. Mbolea ilikuwa imerundikana chini kwa miezi mitano, na nilipoona mawingu yanaanza kujikusanya nikaamua kufanya usafi wa nguvu. Vijana watatu, matoroli mawili, siku moja. Tulikwangua mpaka saruji ikaonekana, kisha nikapulizia sakafu yote dawa niliyoshauriwa dukani. Jioni ile banda lilikuwa linang'aa na mimi nimeridhika.

Wiki mbili baadaye nzi walikuwa wengi kuliko nilivyopata kuwaona tangu nianze kufuga. Trei za mayai zilijaa vidoadoa vyeusi. Kuta upande wa kivuli zilionekana kama zimepakwa rangi mpya. Mama wa nyumba ya pili akaja na sahani mkononi, akasimama getini, akasema: "Baba, nimekustahi muda mrefu, lakini leo wanangu wameshindwa kula." Sikuwa na la kumjibu.

Jibu nimelipata baadaye, na ndilo linaloongoza mwongozo huu wote. Ile mbolea ya miezi mitano ilikuwa na wenyeji wake: utitiri, mbawakawa na nyigu wadogo ambao kazi yao usiku na mchana ni kula mayai na funza wa nzi. Mimi niliwapakia kwenye toroli pamoja na mbolea, na waliosalia nikawaua kwa dawa. Nzi ana mabawa, alirudi siku ileile. Maadui zake wengi husafiri polepole na huzaana polepole, wakahitaji wiki nyingi kufika tena. Katika muda huo nzi alikuwa peke yake shambani.

Hesabu yenyewe ni hii. Nzi wa nyumbani jike hutaga mayai 100 na zaidi kwa mkupuo mmoja, na katika maisha yake mafupi anaweza kufikisha 500. Kwenye joto letu la Pwani yai huanguliwa ndani ya siku moja, na kutoka yai hadi nzi anayeruka ni siku 7 hadi 10. Kuku mmoja wa mayai hutoa takriban gramu 100 za kinyesi kwa siku, kwa hiyo kuku 400 wanakupa kilo 40 za chakula cha funza kila siku ya Mungu. Dawa ya kupuliza inaua nzi unaowaona. Walioko ndani ya mbolea, ambao ndio wengi, haiwafikii.

Mwongozo huu unawafaa zaidi wenye keji au mabanda ya kichanja ambako mbolea hudondoka na kurundikana chini. Wenye kufuga kwenye matandazo nina maneno yao mbele.

Hatua ya kwanza: wajue askari wako kabla ya kugusa chochote

Chukua sahani nyeupe, kijiko cha zamani na glavu. Nenda kwenye rundo lililokaa zaidi ya mwezi, chota kiasi cha kiganja kutoka kileleni, na kiasi kingine kutoka pembeni ambako mbolea imekauka kidogo. Kitandaze kwenye sahani, toka nje kwenye mwanga, kisha tulia dakika mbili bila kugusa. Hii ni kazi ya kwanza ninayompa kila anayeniuliza habari za nzi, na wengi hushangaa.

Kwanza utaona vitone vya rangi ya kahawia nyekundu vikikimbia. Ni wadogo, hawafiki hata ukubwa wa punje ya ulezi, na wana mbio. Huyo ni utitiri wa mbolea, kitaalamu *Macrocheles muscaedomesticae*. Hilo jina la pili linamtaja nzi wa nyumbani mwenyewe, kwa kuwa maisha yao yameshikana. Hula mayai ya nzi na funza waliotoka kuanguliwa, na mmoja anaweza kumaliza mayai 20 kwa siku. Mbolea yake ikizeeka, jike hudandia nzi, hujishika tumboni mwake na kusafirishwa hadi rundo jipya. Yaani nzi humbeba mwenyewe yule atakayekula watoto wake. Richard Axtell wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza utitiri hawa kwenye mabanda ya kuku, na mengi tunayoyajua juu yao yametokana na kazi ya aina hiyo. Wasikutie hofu: hawapandi kuku wala hawanyonyi damu. Utitiri wa kuku ni mwingine kabisa, huyo hukaa kwenye manyoya, kwenye viota na kwenye nyufa za mbao.

Wa pili ni mbawakawa mdogo mweusi, *Carcinops pumilio*. Ana urefu wa milimita 2 hadi 3, mviringo, anang'aa kama shanga iliyopakwa mafuta. Ukimgusa anakunja miguu na kujifanya amekufa. Mtazame mgongoni: mabawa yake magumu ni mafupi, hayafuniki ncha ya tumbo. Alama hiyo ishike sana, kwa sababu ndani ya mbolea hiyohiyo kuna mbawakawa mwingine mweusi ambaye humtaki. Huyo ni mrefu zaidi, karibu milimita 6, mwembamba kiasi, na mabawa yake yamefunika tumbo lote. Nitamrudia. Nimeona wafugaji wakimwaga dawa wakidhani wanamuua huyo mrefu, kumbe banda lao limejaa wale wafupi, na lilikuwa linajilinda vizuri kabisa.

Wa tatu hutamwona kwenye sahani. Ni nyigu, ila usifikirie yule wa kwenye paa mwenye kuuma. Huyu ni mdogo kuliko punje ya ufuta, mweusi, hamchomi mtu wala kuku. Anatafuta pupa wa nzi, yaani zile mbegu za rangi ya kahawia ambamo funza hugeuka kuwa nzi, anatoboa ganda na kuweka yai lake ndani. Mtoto wa nyigu humla nzi kabla hajazaliwa. Wanaojulikana zaidi ni wa jamii za *Spalangia* na *Muscidifurax*. Ili kujua kama unao, okota maganda matupu ya pupa kwenye kingo kavu za mbolea uyatazame moja moja. Nzi anapotoka huvunja ncha ya ganda kama mtu aliyefungua kifuniko. Nyigu anapotoka huacha tundu dogo la duara, mara nyingi ubavuni, kama limetobolewa kwa sindano. Hesabu maganda 50. Ukikuta hata 10 yana tundu, una wafanyakazi ambao hujawahi kuwalipa.

Kama sahani yako haina kitu isipokuwa funza weupe wanaotambaa, ama mbolea ni mbichi mno, ama ina maji mengi, ama umekuwa ukiipulizia dawa.

Hatua ya pili: acha kupulizia mbolea

Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa madukani, hasa zile za jamii ya pairethroidi, haziwachagui wadudu. Zinamuua utitiri na mbawakawa kama zinavyomuua nzi, tena nzi huzizoea upesi kwa sababu vizazi vyake ni vifupi. Kwa hiyo kuanzia leo, mbolea isiguswe na dawa ya kupuliza. Ikibidi utumie dawa kwa sababu hali imezidi, itumie pale nzi wanapolala: nguzo, boriti, sehemu ya juu ya kuta. Utawajua kwa madoa yao. Chambo cha sumu kiwe kwenye chombo kilichofunikwa kuku wasikifikie, na kisimwagwe chini.

Ipo dawa ya kuzuia funza wasikue, siromazini, ambayo haiwaumizi sana wale walinzi. Kwangu imekuwa akiba ya dharura tu. Ukiitumia, soma lebo kwa makini na muulize mtaalamu wa mifugo juu ya siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai au nyama.

Hatua ya tatu: kausha mbolea

Hapa ndipo pana kazi, na ningeambiwa nichague hatua moja tu katika mwongozo huu ningechagua hii. Kinyesi kibichi cha kuku kina maji karibu robo tatu ya uzito wake. Nzi hustawi kwenye mbolea yenye maji kati ya asilimia 50 na 80. Ikishuka chini ya hapo funza hupata shida, na utitiri na mbawakawa hujisikia nyumbani. Mbolea ikiwa uji, hata uwe na askari milioni, watazama.

Kipimo ni mkono wenye glavu. Kamata mbolea ya ndani, minya. Maji yakichuruzika kati ya vidole, una shamba la nzi. Ikishikana kama bumunda bila kutoa maji, uko njiani. Ikivunjikavunjika unapofungua mkono, umefika.

Tazama pia umbo. Chini ya keji mbolea kavu hujenga vilima vyenye kilele, kama vichuguu vilivyopangwa mstari. Kilima kilicholala na kutandaa kama uji uliomwagika kinakuambia kuwa juu yake kuna maji yanayovuja. Inua macho hapohapo: utakuta chuchu ya maji inayodondosha au kiungo cha bomba kilicholegea. Mimi hupita kila asubuhi nikiangalia vilima kabla sijaangalia kuku, na nimegundua mivujo mingi kwa njia hiyo kuliko kwa kuangalia mabomba yenyewe. Mahali palipolowa, chota mbolea mbichi uitoe, weka maranda makavu au majivu kidogo, rekebisha bomba siku hiyohiyo.

Kuna sababu nyingine ya mbolea ya maji ambayo watu wengi hawaifikirii, nayo ni chumvi. Ukichanganya chakula mwenyewe na ukatumia dagaa waliokaushwa kwa chumvi, kuku watakunywa maji kupita kiasi na kinyesi kitakuwa majimaji. Niliteseka miezi miwili nikilaumu mabomba, kumbe gunia la dagaa nililonunua kwa bei nafuu ndilo lililokuwa na chumvi nyingi. Onja dagaa kwa ulimi kabla ya kununua. Wakiwa na chumvi kali, waache au watumie kidogo sana na upunguze chumvi unayoongeza kwenye mchanganyiko.

Mengine ni ya kawaida lakini yafanyike: fyeka nyasi kuzunguka banda upepo upite chini ya keji, chimba mfereji maji ya mvua yasiingie, ongeza upana wa paa upande mvua inakopigia. Mayai yaliyovunjika, chakula kilicholowa na kuku waliokufa viondolewe kila siku, kwa sababu huko hakuna utitiri wala mbawakawa wa kukusaidia.

Hatua ya nne: ondoa mbolea kwa mafungu

Usitoe yote kwa siku moja. Hilo ndilo kosa langu la 2018.

Gawa safu za keji. Kama una safu nne, toa mbolea ya safu ya kwanza na ya tatu, acha ya pili na ya nne. Kwenye safu unazotoa, acha chini tabaka kavu la zamani lenye unene wa sentimita 10 hadi 15, ndilo mbegu. Subiri wiki sita hadi nane, walinzi wahamie na kuzaana kwenye mbolea mpya, ndipo utoe safu zilizobaki kwa mtindo uleule. Tabaka kavu la chini lina faida nyingine pia: kinyesi kibichi kikidondokea juu yake hunyonywa maji na kuanza kujenga kilima mapema, tofauti na kikidondokea kwenye saruji.

Wakati wake ni muhimu. Kwetu Pwani, mimi hutoa fungu la kwanza mwishoni mwa Juni na la pili mwezi Agosti, jua likiwepo na mbolea ikiwa kavu, ili mpaka vuli inaingia Oktoba jeshi liwe limeshajijenga. Ukiwa Mbeya, Njombe au Limuru kalenda yako ni nyingine, lakini kanuni ni hiyohiyo: toa wakati wa kiangazi nzi wakiwa wachache, usitoe mvua zikiwa mlangoni.

Mbolea iliyotoka isiachwe wazi nyuma ya banda. Ipeleke shambani uichanganye na udongo, au irundike na kuifunika vizuri kwa nailoni nyeusi, kingo zikandamizwe kwa udongo. Joto la ndani litamaliza funza waliobaki.

Banda jipya lisilo na mbolea ya zamani unaweza kulipandikiza. Chota ndoo mbili tatu za mbolea kavu ya zamani kutoka banda lako jingine lenye kuku wazima, baada ya kuhakikisha kwa sahani kwamba ina utitiri na mbawakawa wafupi, umwage chini ya keji kabla au mara baada ya kuku kuingia. Nasisitiza: banda lako mwenyewe. Usikubali mbolea ya jirani hata kama ni ndugu yako, kwa sababu pamoja na mbawakawa atakupa kideri, gumboro na homa ya matumbo ya kuku. Kama huna banda la pili, subiri. Utitiri watakuja wenyewe wamedandia nzi.

Hatua ya tano: chupa ya nyigu

Huko Marekani na Ulaya nyigu hawa huzalishwa viwandani na kuuzwa kwa wafugaji wakiwa ndani ya pupa, wakafunguliwa bandani kila wiki au kila wiki mbili. Sisi tunaweza kutumia wale wa kwetu, kwa kuwa tayari wapo na wameshazoea hali yetu ya hewa. Ujanja wote unatokana na tofauti ya siku. Pupa wa kawaida hutoa nzi ndani ya siku 4 hadi 6. Pupa aliyetagwa na nyigu hutoa nyigu baada ya wiki mbili mpaka nne. Katikati hapo kuna nafasi ya kuwatenga.

Mimi hufanya hivi kila Jumamosi. Nachota mbolea kwenye kingo kavu, kwenye pembe za nguzo, kina cha vidole viwili, ambako pupa hujazana kama mtu aliyemwaga mbegu. Naitia kwenye ndoo ya maji na kukoroga kidogo. Pupa huelea. Nawakusanya haraka kwa chujio la chai, nawatandaza kivulini juu ya gazeti mpaka wakauke, kisha nawaweka kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kufunga kitambaa chepesi kwa mpira. Chupa inakaa kivulini, mbali na sisimizi.

Siku ya tatu au ya nne nzi wanaanza kutoka na chupa inavuma. Siwapi maji wala chakula. Wanakufa wote wakiwa ndani. Siku ya kumi chupa imenyamaza. Hapo navua kitambaa na kuitundika chupa kwa waya chini ya keji, karibu na mbolea, ikiwa imelazwa ili maji yasiingie. Waya naupaka grisi, maana sisimizi wakiipata chupa hiyo watabeba kila kitu usiku mmoja. Nyigu hutoka wenyewe siku zinazofuata, hata bila wewe kuwaona.

Kwa njia hii huongezi nyigu kwa miujiza. Unachofanya ni kuwaua nzi waliokuwa tayari kuruka na kuwarudisha nyigu salama. Lakini ukidumu miezi mitatu, yale maganda 50 unayohesabu yataanza kuonyesha matundu mengi zaidi.

Nzi askari mweusi: rafiki wa kuwekewa mipaka

Wafugaji wengi siku hizi wanamjua kwa herufi tatu, BSF. Nzi wake mkubwa ni mweusi, mwembamba kama nyigu, hali chakula chetu na hapendi kuingia majumbani. Funza wake ni wakubwa, bapa, wa rangi ya maziwa inayoelekea kahawia, na wakijaa kwenye mbolea nzi wa nyumbani huacha kutaga hapo. Kwa hiyo ukiwakuta wachache chini ya keji, usiwaue.

Ila usiwaongeze chini ya keji kwa makusudi. Wakiwa wengi mno hukoroga mbolea mpaka ikawa uji, vilima vikaanguka, na ule ukavu uliouhangaikia katika hatua ya tatu ukapotea, pamoja na utitiri na mbawakawa wanaouhitaji. Unaotaka kuwafuga kwa ajili ya chakula, wafugie kwenye mapipa yao, mbali na banda, kwa mabaki ya sokoni na jikoni. Na funza waliokulia kwenye kinyesi cha kuku usiwarudishie kuku wako. Vijidudu vya ugonjwa wa salmonela havijui kwamba umebadilisha jina la chakula.

Ukungu unaoua wadudu

Kuna siku utamwona nzi amekufa ukutani akiwa bado ameshikilia, mabawa yameinuka, na tumbo limevimba lenye mistari ya unga mweupe. Huyo amekufa kwa ukungu uitwao *Entomophthora muscae*, ambao hujitokeza zaidi wakati wa ubaridi na unyevu. Mwache alipo. Ule unga ni mbegu, na kila nzi anayetua karibu anaondoka nazo. Nguzo zenye maiti za namna hiyo msizifute wakati huo.

Zipo pia aina za ukungu zinazozalishwa na kuuzwa kama viuatilifu vya kibiolojia, hasa *Beauveria bassiana* na *Metarhizium anisopliae*. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichopo Nairobi, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi kubwa sana juu ya *Metarhizium*. Ukipata bidhaa ya namna hii, hakikisha imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA ukiwa Tanzania au PCPB ukiwa Kenya, na kwamba lebo yake inaruhusu kutumika kwenye mabanda ya mifugo. Nyingi zimesajiliwa kwa mazao ya shambani. Ipulizie jioni, kwa sababu jua kali huua mbegu za ukungu, na usitegemee kuona nzi wakianguka kesho yake. Huchukua siku kadhaa, hata wiki.

Wenye matandazo, na yule mbawakawa mrefu

Kwenye matandazo ya maranda au pumba za mpunga, mlinzi wako mkuu ni kuku mwenyewe. Akichakura anakausha, na akikuta funza anameza. Mrushie konzi chache za mtama au mahindi yaliyopasuliwa saa kumi jioni, sehemu ambazo matandazo yameanza kushikana, atakufanyia kazi ya reki. Chini ya vyombo vya maji ndipo nzi huzaliana. Viinue juu ya kichanja kidogo cha waya.

Shida kubwa ya matandazo ni yule mbawakawa mrefu, *Alphitobius diaperinus*. Anabeba salmonela na virusi vya gumboro kutoka kundi la kuku lililotoka hadi lile linaloingia, anatoboa nguzo za mbao, na kuku wakimla wanaweza kupata tegu. Ni kweli anakula mayai ya nzi pia, lakini hasara yake ni kubwa kuliko faida. Dhidi yake *Beauveria* hufanya kazi kiasi, hasa ikiwekwa pembezoni mwa kuta na kwenye nguzo mara kuku wanapotolewa, kabla matandazo mapya hayajaingia. Mwili wa kuku hutoa joto, mbawakawa huufuata. Kuku wakiondoka naye hukimbilia kwenye nyufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo matandazo ya zamani yatolewe siku ileile kuku wanapotoka, yapelekwe mbali, na nyufa zizibwe.

Kuhusu chawa, viroboto, papasi na utitiri wanaonyonya damu, nitasema ukweli: udhibiti wa kibiolojia bado ni dhaifu kwa mfugaji wa kwetu. Huko Ulaya huuzwa utitiri wanaowinda utitiri mwekundu wa kuku. Sisi tuna shimo la majivu na mchanga mkavu ambamo kuku huoga, viota vinavyobadilishwa majani, na nyufa zilizozibwa. Wazee hupenda kusema siafu wakipita bandani hawaachi mdudu. Hawakosei, ila siafu hawatofautishi mdudu na kuku aliyefungiwa, na nimeshuhudia vifaranga wakiliwa usiku mmoja. Wakitokea, toa kuku kwanza.

Hatua ya mwisho: pima kwa kadi

Macho hudanganya. Siku ukiwa na hasira nzi kumi ni elfu. Kata kadi nyeupe tano, kila moja sentimita 7.5 kwa 12.5, uandike tarehe, uzibandike mahali nzi wanapopumzika: nguzo, boriti, karibu na paa. Ziache siku saba. Kisha hesabu madoa, ubandike kadi mpya mahali palepale. Kadi ikiwa na madoa 100 au zaidi, nzi wamezidi: rudi kwenye mabomba, rudi kwenye vilima, tazama kama hukuondoa mbolea nyingi mno kwa pamoja. Ikiwa chini ya hapo na inashuka wiki hadi wiki, usiguse kitu, hata kama nzi bado unawaona.

Kadi zangu nazihifadhi kwenye bahasha stoo, kila mwezi bahasha yake. Ya Aprili 2018 sina, kwa kuwa wakati ule sikujua kupima. Za Aprili zilizofuata zinaonyesha madoa 80, kisha 60, na mwaka jana 35 kwa wastani. Yule mama wa nyumba ya pili sasa ndiye ninayemuuzia trei ya kwanza kila Jumatatu, na watoto wake huja kuchukua gunia la mbolea kavu kwa ajili ya bustani ya mchicha. Nikiwachotea, kwanza nalichekecha juu ya beseni kwenye jua, mbawakawa wafupi wanashuka chini wakikimbia joto, nawarudisha chini ya keji, ndipo nafunga gunia.